Dirisha Jeupe la Noti

Musonoi, Kolwezi, 14 Oktoba 2024

Mvua ya kwanza. Robo saa tu, ikalaza vumbi la malori ya madini, ikaondoka. Daktari anasema moyo wangu umechoka, nisipande ngazi. Nyumba yangu haina ngazi.

Mjukuu wangu Abigaëlle amenipa daftari hili niandike saa za dawa. Nitaandika na jambo jingine. Nina miaka themanini na moja. Nisipolitia tarehe, nitaliahirisha hadi nife nalo.

17 Oktoba

Nusu sahani ya bukari, ugali wetu. Dawa mbili. Jambo lenyewe sikuliandika.

21 Oktoba

Wivine amefika kutoka Lubumbashi. Yeye na wenzake wanazungusha maonyesho ya fedha za zamani: misalaba ya shaba ya mababu, noti za Wabelgiji, noti za miaka ya uhuru, noti za zaire zenye chui. Anasema watu huzikumbuka kwa vitu walivyonunua nazo, naye anataka wazitazame kama picha, kwa kuwa kuna mtu aliyekaa akachora kila mstari wake. Amekuja kwa ajili ya zile zilizo kwangu, arobaini na moja.

Nieleze zilivyo. Noti ya zaire ina sehemu moja nyeupe, kama dirisha. Ukiiinua kwenye mwanga, ndani ya weupe huo hutokea alama ya maji: kichwa cha Rais wa wakati ule. Katika noti hizi zangu, dirisha hilo limechorwa mtu kwa wino mweusi. Mtu wa Kolwezi, si Rais. Uso usiozidi kidole gumba, na bado unajua kama mwenyewe alikuwa amekula siku hiyo.

Wivine alizipanga mezani, akaziinua moja moja kwenye mwanga.

“Tata Mwalimu,” akasema, “hizi tutaweka mbele ya taa. Batu bataona sura mbili: ya Rais kwa nyuma, ya mama wa soko kwa mbele. Hakuna kintu ya namna hii mu Kongo yote.”

“Naona.”

“Na jina yenu kubwa pa mulango.”

Nilinyamaza. Ndivyo nilivyonyamaza miaka kumi na minane iliyopita, padri mgeni alipoziona ukutani akauliza kama ni kazi ya mkono wangu. Alijijibu mwenyewe, akanisifu. Tangu siku hiyo Kolwezi nzima inaniita mchoraji.

Sikuzichora mimi.

22 Oktoba

Jana niliishia hapo. Leo naendelea.

Stanislas Mbombo alifundisha hesabu katika shule niliyofundisha kuchora. Nyumba zetu zilitazamana mlango kwa mlango miaka kumi na mmoja. Mimi nilisomea kuchora miaka minne, nikajua kanuni za kivuli, za umbali, za uwiano wa uso. Yeye hakusomea kitu. Alikuwa na kalamu ya wino tu, na karatasi yake ilikuwa noti, kwani bei zilipanda kila asubuhi na noti ilipatikana kwa urahisi kuliko daftari.

Jumamosi alikaa mlangoni pake akiita wapita njia: “Kuya hapa, mama! Nikuweke pa nafasi ya Rais, dakika tano tu!” Watu walicheka, lakini kwanza walitazama kushoto na kulia.

Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mimi nilisimama nyuma yake, na chai yangu mkononi, na nilikuwa na wivu. Neno hilo limenichukua miaka thelathini na moja kuliandika.

2 Novemba

Mvua kila alasiri. Saa sita mchana walilipua mgodini na ufa wa ukuta umeongezeka. Maji yanaingia hadi kitandani. Abigaëlle ameweka sufuria chini ya ufa, akarudi kwenye simu yake. Kijana huyu anaishi ndani ya simu.

5 Novemba

Nilikuwa na nguvu leo, basi niandike mwaka 1993.

Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mjini kwetu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Stanislas, mkewe Simone na watoto wawili walikimbilia stesheni na walichoweza kubeba, kama maelfu ya wengine waliokuwa wakingojea treni ya kwenda kwao, ingawa wengi walizaliwa hapa hapa. Mimi sikurusha jiwe. Jambo hili nimelishika miaka yote kama cheti.

Jioni ile niliingia nyumbani mwao kabla ya waporaji, nikalitoa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Nilitaka kumwokolea. Huo ni ukweli, na nauandika kwa sababu si mwingi. Ndani mlikuwa na noti zilizochorwa, na chini yake mabunda ya noti ambazo alikuwa bado hajazichora.

Treni zilichelewa. Walikaa stesheni miezi tisa, chini ya maturubai. Kila Jumapili niliwapelekea bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sanduku sikulitaja. Wiki ya kwanza nilisema moyoni kwamba huko litaibwa. Wiki ya sita sikusema tena kitu. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni, nafunga mlango, nazitazama zile nyuso.

7 Novemba

Homa. Daftari limelala.

9 Novemba

Oktoba 1993 serikali ilitoa pesa mpya. Zile za zamani zikafa. Watoto wetu walizikunjia ndege. Mwishoni mwa Novemba Stanislas alinivuta pembeni pale stesheni. Alikuwa amekonda hadi miwani ilimteleza.

“Edouard, bafanyakazi ya treni banasema kule Kasai batu walikataa pesa mupya. Za zamani bado zinatembea. Sanduku yangu, ile ya chini ya kitanda, unaweza kujua iko wapi?”

“Ile yenye picha?”

“Ile. Zenye sura na zenye hazina sura, kule zote zitanunua sawa. Mama wa soko haangalie dirisha!” Akacheka. “Batoto watakula Rais na jirani pamoja.”

Na mimi, mwalimu wa kuchora, niliona jambo moja tu: uso wa Mama Henriette muuza samaki ukipita mkono kwa mkono, ukitiwa mafuta, ukikunjwa, ukichanika kwa bei ya muhogo.

Nikasema, “Waporaji walichukua sanduku, Stanislas. Nilifika nimechelewa.”

Alinishika bega. Alinifariji yeye.

10 Novemba

Naongeza, maana jana niliishia pazuri mno. Noti zisizochorwa hazikuwa sanaa. Ningeweza kumpa hizo tu. Lakini ningempaje sehemu ya sanduku lililoibwa? Mwaka uliofuata niliwashia mbabula, jiko letu la makaa. Zilishika moto vizuri.

24 Novemba

Wivine kapiga simu akitaka hadithi ya kila uso, ya kuandikwa chini ya taa. Nikamweleza sita. Akasema: “Tata, mulisaidia urithi wetu. Kama hamukushika hizi, zingepotea tu kama zile zingine zote.”

Amesema kweli. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Zingepotea kwa kuliwa.

3 Desemba

Mvua. Magari hayapiti njia ya mto.

8 Desemba

Nimekumbuka kwamba niliwahi kuungama. Mwaka 1998, kwa padri mzee ambaye sasa ni marehemu. Nilisema: “Nilichukua makaratasi ya jirani.” Akauliza: “Yalikuwa na thamani?” Nikajibu: “Hapana, Padri, yalikuwa yamekwisha kufa.” Akanipa Salamu Maria tatu. Nikatoka mwepesi, nikanunua mkate.

Sikusema uongo hata neno moja. Hapa Kolwezi noti zile zilikuwa zimekufa kweli.

19 Desemba

Mabango yamefika: “Mukalay Edouard, mchoraji wa noti.” Abigaëlle aliyatandika sakafuni mbali na maji, akayatazama kwa muda kuliko nilivyotarajia.

“Kambo,” akasema, maana ndivyo anavyoniita babu yake, “naweza kuuliza kintu?”

“Uliza.”

“Mulinifundisha kuchora kivuli nikiwa na miaka minane. Mistari yetu inalala huku.” Akaonyesha kwa kidole, kutoka juu kulia kushuka kushoto. “Mistari ya hizi noti inalala kule. Yote. Njo mutu wa mukono wa kushoto.”

Maji ya ufa yalikuwa yakidondoka kwenye sufuria.

“Umejua tangu lini?”

“Miaka mitatu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilingojea museme weye mwenyewe. Nilikununulia hata daftari.”

Kisha akaenda kusonga bukari. Mimi niliyeandika kwamba anaishi ndani ya simu.

20 Desemba

Nimemwambia yote. Hakulia, hakunikemea. Aliuliza jina la yule bwana, nikalitaja kwa sauti kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba hii tangu mke wangu afe. Akaniuliza kama ana watoto. Nikasema walikuwa wawili, mkubwa akiitwa Marlène. Ndiye nambari arobaini na moja, kasichana kasiko na jino la mbele.

1 Januari 2025

Mwaka mpya. Miguu imevimba.

13 Januari

Abigaëlle alikuwa ametuma picha ya nambari arobaini na moja katika makundi ya watu wa Mwene-Ditu, huko Kasai. Hakunificha, aliniomba ruhusa, nami nilikubali kwa kuwa niliamini hakuna atakayejibu. Leo imekuja sauti ya mwanamke, akicheka na kulia: “Ile jino ni yangu! Ile ni Papa Stanislas alichora! Mwambieni Tata Edouard ninakuya.”

Stanislas alikufa mwaka 2011.

15 Januari

Nimempigia Wivine nikamwambia kwamba mchoraji si mimi. Kisha akasema mabango yamekwisha chapwa, wageni wamealikwa. “Tata, tuseme ‘mkusanyo wa Mwalimu Mukalay’. Ni kweli pia, na hakuna mwenye atauliza.” Nilisema nitafikiri.

Naandika hapa kwamba nilifikiri kweli, siku nzima, na kwamba neno “mkusanyo” lilikuwa tamu.

30 Januari

Mvua ya mawe. Paa la jirani yangu Kalumba limetoboka. Kifua kinauma nikilala chali.

11 Februari

Amefika. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, koti la plastiki, safari ya siku tano. Alisimama mlangoni akafunga mdomo, akaufungua, akagonga jino lake la mbele kwa ukucha.

“Tata Edouard, munanikumbuka? Liliota, unaona!”

Alikula vizuri. Alicheka kama baba yake, kwa mabega. Akasema alipoona picha kwenye simu aliita majirani wote. “Nikasema, kumbe Tata Edouard hakuachaka! Alitafutaka lile sanduku mpaka akalitoa kwa bale batu balituibia! Jina tu njo walikosea pale kwa bango, waliandika yenu pa nafasi ya Papa. Lakini si mbaya, watatengeneza.”

Abigaëlle alitoka na vyombo.

Kabla sijafungua kinywa Marlène alitoa Biblia mkobani, na ndani ya Biblia noti ya zaire. Akanipa mkononi. Dirishani kulikuwa na mtu wa miaka hamsini, kipara kikianza, kikombe cha chai karibu na kidevu. Mistari ya kivuli inalala kule.

“Ni weye,” akasema. “Alikuchora kule, mwaka wa kwanza, kwa kukumbuka tu. Alikuwaka anasema, huyu njo mutu mumoja alituletea chakula kila Jumapili. Mama alikasirika! ‘Stanislas, ile ni kopo mbili ya bunga!’ Papa akasema, ‘Uzisha biatu byangu. Hii haitoke.’ Akatembea bila biatu mpaka Pasaka.”

Ningeweza kunyamaza. Nataka aliyeshika daftari hili ajue hivyo: mlango ulikuwa wazi, mtoto wa Stanislas mwenyewe ndiye aliyeushika. Ningekufa nikiwa yule mtu wa kwenye noti.

Nikasema, “Marlène, hakuna aliyewaibia. Sanduku lilikuwa kwangu. Lilikuwa kwangu siku ile baba yako aliponiuliza.”

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha.

“Na zile zenye hazikuchorwa?”

“Niliwashia mbabula.”

Mvua ilipiga mabati. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja umri kwa karani. “Glodi, mudogo wangu, alikuwa na miaka miwili. Alikufa na surua kule Mwene-Ditu, mwezi wa tatu. Sisemi ni sababu yenu. Batoto wengi walikufa na surua.” Akakunja koti. “Dawa ilikuwako pa soko.”

Akaichukua noti mkononi mwangu, akairudisha katika Biblia, akatoka mvuani.

12 Februari

Hakuja.

13 Februari

Hakuja. Abigaëlle anasema Marlène amelala kwa shangazi yake aliyerudi mjini hivi karibuni, mtaa wa pili.

14 Februari

Nimemwambia Wivine: hakuna mkusanyo. Mchoraji ni Stanislas Mbombo. Mimi ni aliyechukua. Alianza kusema kuhusu gharama, kisha akaacha, akaniuliza jina linavyoandikwa.

15 Februari

Abigaëlle amezunguka mji mzima kwa miguu, mvua ikimnyeshea, akibandika kipande cha karatasi juu ya jina langu kwenye kila bango. Amerudi na gundi hadi kwenye nywele. Nilitaka kumshukuru. Akasema, “Kambo, mulishakunywa dawa?”

18 Februari

Marlène alirudi asubuhi na daftari kama hili langu. Hakukaa hadi nilipomsihi.

“Sikukuya kwa kusamehe,” akasema. “Nilikuya kwa majina. Hawa batu, Papa aliwajua wote. Alikufa. Mama alikufa. Mumebaki weye tu. Munasema munazitazama miaka thelathini. Basi semeni, mumoja mumoja.”

Tukaanza. Nambari moja, Kitenge, fundi wa treni, aliyepiga filimbi akilala. Nambari mbili, Falonne, mwanafunzi wake wa hesabu, aliyegoma kutabasamu kwa sababu ya malaria. Nambari tatu, Mama Henriette wa samaki. Nilichoka nambari ya saba.

19 Februari

Saba nyingine. Kuna mmoja, mzee Dodo, muuza makaa, aliyesema hataki nafasi ya Rais, anataka ya chui. Marlène alicheka kabla hajakumbuka kwamba hacheki nami. Akainamia daftari.

20 Februari

Nne tu. Pumzi.

23 Februari

Kuna watatu siwakumbuki majina. Miaka thelathini nimewatazama vivuli vyao, pua zao, jinsi wino ulivyokaa kwenye shavu. Nilikuwa naangalia mkono wa Stanislas. Wao wenyewe sikuwahi kuwaangalia. Nilimwambia Marlène. Akasema, “Andikeni tu hivyo: mwalimu amesahau.” Tumeandika hivyo mara tatu.

27 Februari

Tumefika arobaini na moja. Marlène Mbombo, miaka sita. Aliuliza baba yake alisema nini siku ile akimchora. Nilikuwapo, nakumbuka: “Usifunge kinywa, mama, hilo pengo njo dirisha yako.” Akaandika polepole. Kisha akauliza kama nimekunywa dawa, akaondoka kabla sijajibu.

6 Machi

Siku tatu za hospitali. Nimewaomba wanirudishe nyumbani.

15 Machi

Ufunguzi, katika ukumbi wa parokia. Kalumba alinipeleka kwa gari lake, nikaingizwa nimebebwa kwenye kiti cha plastiki kama bwana harusi. Misalaba ya shaba ilikuwa mlangoni, mizito, kimya. Kisha noti za kila serikali. Mwisho kabisa, chumba chenye giza kidogo na taa arobaini na moja, na mbele ya kila taa uso, na nyuma ya kila uso kichwa kile kile. Watu waliwatafuta watu wao. Mwanamke mmoja alimpata mama yake, akapiga magoti.

Wivine alinipa kipaza sauti. Nilisema sentensi tatu. Mchoraji ni Stanislas Mbombo, mwalimu wa hesabu, aliyefukuzwa katika mji huu. Aliniomba noti hizi awalishe watoto wake, nami nilimdanganya nikabaki nazo. Niliwasha moto kwa zilizobaki.

Mwalimu mwenzangu wa zamani, aliyekuwa amenishika mkono tangu mlangoni, aliuachia. Baadhi ya watu walitoka. Wengi walibaki wakitazama nyuso, na hilo lilikuwa sawa.

Marlène alikuwa amesimama peke yake karibu na nambari arobaini na moja. Niliona anazungumza na Wivine. Mafundi wakaleta taa moja zaidi. Akafungua Biblia, akaitoa ile noti yenye uso wangu.

Alikuja kwangu na kadi nyeupe na kalamu. “Nilitaka kuipasua,” akasema. “Siku saba nilitaka. Lakini ni kazi ya Papa, na aliikatalia njaa. Si mimi nitaimaliza.” Akaweka kadi kwenye goti langu. “Hii ya kwenu sitaandika. Andikeni weye.”

Nilimwomba basi wazime taa ya noti hiyo, kichwa cha Rais kisionekane nyuma yangu.

“Hapana,” akasema. “Kama wengine.”

17 Machi

Mvua imepungua. Nimelala mchana kutwa. Abigaëlle amepiga picha ya kadi akaniletea, kwa kuwa sikumbuki vizuri nilichoandika. Nakinakili hapa kama kilivyo.

Na. 42. Edouard Mukalay, jirani. Mchoraji: Stanislas Mbombo, Mwene-Ditu, 1994. Noti hii ingenunua kopo mbili za unga. Mchoraji hakuitoa.